Ferrari F430 la gia za mkono kwa bei iliyoshuka robo nzima: nitathibitishaje asili yake?

NiaMoja ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiweka akiba kwa ajili ya gari moja tu, Ferrari F430 lenye gia za mkono, lile ambalo mpini wake hupita katika lango la chuma lililo wazi na kutoa mlio kila gia inapoingia. Nalitaka hilo hasa kwa sababu 458 Italia, lililochukua nafasi yake mwaka 2009, halikutolewa kabisa na gia za mkono, kwa hiyo anayetaka Ferrari yenye injini ya V8 (ya silinda nane) nyuma ya viti na pedali ya klachi mguuni hana gari jipya zaidi ya hapo la kukimbilia.

Wiki mbili zilizopita nimeona tangazo la F430 la mwaka 2006, jekundu, linaloelezwa kuwa lilitengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya na kwamba limetembea kilomita 31,000. Bei yake iko chini kwa takriban robo ukililinganisha na mengine ya gia za mkono niliyoyafuatilia. Anayeliuza ni dalali, si mwenye gari, na anasema mwenyewe ana haraka. Amenitumia picha nyingi, hati ya usajili na risiti mbili za matengenezo ya miaka ya karibuni, lakini kitabu cha matengenezo anasema kilipotea. Je, punguzo hilo linaweza kuelezwa na haraka ya mwenye gari pekee? Na nikitaka kujua gari hili lilikotoka bila kutegemea maneno ya dalali, nianzie wapi?

ShahidiWaChasi amejibu:

Ndugu NiaMoja, weka bei kando kwanza. Omba namba ya chasi, na usikubali kuandikiwa kwenye ujumbe. Omba picha ya namba yenyewe ilivyogongwa kwenye gari, kisha uilinganishe tarakimu kwa tarakimu na ile iliyo kwenye hati ya usajili.

Tangu mwaka 1981 namba hiyo ina herufi na tarakimu 17, na herufi I, O na Q hazitumiki humo ili zisichanganywe na 1 na 0. Ferrari huanza na ZFF, Lamborghini ZHW, Porsche WP0, McLaren SBM. Hayo dalali anaweza kuwa anayajua. Wewe nenda moja kwa moja kwenye nafasi ya 9 na ya 10. Kwenye F430 lililotengenezwa kwa soko la Ulaya nafasi hizo mbili utakuta zimejazwa sifuri. Kwenye gari lililotengenezwa kwa ajili ya Marekani, nafasi ya 9 ni tarakimu ya uhakiki, inayopatikana kwa kuipa kila herufi thamani yake, kuizidisha kwa uzito wa nafasi yake, kujumlisha yote na kugawanya kwa 11. Kinachobaki ndicho kinachoandikwa, na kikibaki 10 huandikwa X. Nafasi ya 10 nayo hutaja mwaka wa modeli, na 6 maana yake ni 2006. Kwa hiyo ukikuta 6 mahali palipopaswa kuwa na sifuri, umekwisha kujua kwamba gari hilo halikuzaliwa kwa ajili ya Ulaya, hata kama lina vibao vya Ulaya leo.

Kisha litazame gari lenyewe. Sheria za Marekani hudai taa ndogo za ubavuni, za rangi ya kaharabu mbele na nyekundu nyuma, na magari ya Ulaya hayalazimiki kuwa nazo. Anayetaka kuficha asili hubadilisha bampa au huziba matundu ya taa hizo na kupaka rangi juu. Ingiza mkono nyuma ya bampa na upapase upande wa ndani, kwa sababu kiraka kinachong'arishwa vizuri kwa nje mara nyingi huachwa na makovu kwa ndani. Angalia pia kama kipima mwendo ni cha maili au cha kilomita, na kama paneli yake inaonyesha dalili za kufunguliwa.

Kwa nini mtu afiche kwamba gari limetoka Marekani, ilhali hakuna aibu yoyote katika hilo? Kwa kawaida ni kwa sababu huko kuna kumbukumbu asiyotaka uisome. Marekani ina mfumo wa taifa wa taarifa za hati za magari, NMVTIS, ambao kampuni za bima na yadi za magari mabovu zinatakiwa kuupelekea taarifa, na mnunuzi wa kawaida anaweza kulipia ripoti kwa kutumia namba ya chasi. Gari lililofutwa na bima baada ya ajali, yaani lililohesabiwa kuwa halifai tena kutengenezwa kwa gharama ya bima, huandikwa hivyo kwenye hati yake. Likivushwa mpaka likapewa usajili mpya, alama hiyo huweza kutoweka kwenye karatasi unayoonyeshwa, lakini kwenye kumbukumbu za kule inabaki.

BeiNaThamani amejibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, nami nitajibu swali la bei.

Robo nzima ni kubwa mno kuelezwa na haraka. Mwenye F430 safi la gia za mkono akiwa na haraka hulipeleka kwa mfanyabiashara anayeyajua magari haya, hupunguziwa kiasi, na biashara huisha kwa siku chache. Punguzo linapozidi pengo hilo, inawezekana kabisa wafanyabiashara wamekwisha kulitazama wakalikataa, na wewe unaonyeshwa kilichobaki.

Hakikisha pia unalinganisha bei za kweli. Bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji. Magari mengine hukaa kwenye matangazo mwaka mzima bila kuguswa. Tafuta matokeo ya minada, ambayo huchapishwa, na ukiyasoma uangalie kama tarakimu iliyotajwa imejumuisha ada anayolipa mnunuzi au ni bei ya nyundo tu. Linganisha yanayofanana: lisilo na paa kwa lisilo na paa, gia za mkono kwa gia za mkono, la Ulaya kwa la Ulaya.

Baada ya hapo toa kwenye bei gharama za kazi zilizoahirishwa. F430 lina mnyororo wa taimingi, ule unaoratibu vali na mzunguko wa injini, kwa hiyo halina ule mkanda wa taimingi ambao kwenye F355, Ferrari la zamani zaidi, huwalazimu mafundi kushusha injini nzima. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini isikufanye ulegeze jicho. Manifoldi zake za ekzosi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini) zinajulikana kwa kupasuka, na boljointi (viungo vya magurudumu) za mbele huchakaa. Plastiki za ndani huwa na utando unaonata kama gundi mkononi, ambao ni kero tu, wala si ugonjwa. Diski za breki, kama ni za kaboni na kauri, hazihukumiwi kwa unene peke yake kama za chuma. Kuchakaa kwake hupimwa kwa uzito pia. Soma tarehe ya tairi ubavuni mwake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu zenye kashata nzuri si sifa, ni ushahidi kwamba gari lilisimama muda mrefu, na gari linalosimama mipira yake ya kuzuia oili hukauka.

Ila kilichonishtua zaidi katika maelezo yako ni hizo gia za mkono. F430 nyingi zilitoka kiwandani na gia za F1, zile zinazobadilishwa kwa vipande viwili vilivyo nyuma ya usukani, ambapo pampu ya haidroliki ndiyo inayokanyaga klachi kwa niaba ya dereva. Kwa kuwa za mkono ni chache na wanaozitaka wameongezeka, bei zake zimepanda, na sasa kuna karakana zinazobadilisha gari la F1 kuwa la mkono. Kazi hiyo ikifanywa vizuri na ikatajwa waziwazi sina ugomvi nayo. Ikifichwa, unalipia kitu ambacho kiwanda hakikukitengeneza. Kama gari ni la Marekani, una bahati moja: sheria ya mwaka 1958 inalazimisha kila gari jipya libandikwe dirishani karatasi yenye bei na vitu vilivyoongezwa, na kwenye F430 gia za F1 zilikuwa nyongeza ya kulipia, kwa hiyo zitaonekana hapo. Kama si la Marekani, mwombe wakala rasmi wa Ferrari akusomee kwa namba ya chasi jinsi gari lilivyotoka kiwandani.

Mpolesana amejibu:

Naomba niongeze kisa changu, kwa kuwa kimenigharimu na sipendi kimgharimu mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari la mbio lililotumika, la kampuni nyingine wala si Ferrari, kutoka kwa muuzaji aliyenipokea kwa heshima zote. Rangi ilikuwa inang'aa, ngozi ya viti ilikuwa laini, injini iliwaka kwa mguso mmoja. Miezi mitano baadaye taa za dashibodi zilianza kuwaka na kuzimika bila mpangilio. Fundi wangu hakufungua boneti. Aliingia ndani, akashika mkanda wa usalama wa abiria na kuuvuta polepole hadi mwisho wake, sehemu ambayo hakuna abiria anayeifikia, na pale ukatokea mstari wa tope, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, upande mmoja mweusi na mwingine wa kahawia. Gari lilikuwa limezama kwenye mafuriko hadi usawa wa kiti. Aliyelisafisha alibadilisha zulia na viti, mkanda akausahau. Tangu siku hiyo, kabla sijauliza bei ya gari lolote, navuta mikanda yote.

Jambo la pili linahusu Porsche, lakini litawafaa wengi watakaosoma hapa. Kompyuta ya injini ya 911 huhifadhi saa ambazo injini imefanya kazi, na pia mara ambazo mizunguko ya injini ilipita kiwango, ikizipanga kwa madaraja. Gawanya kilomita za odomita (kipima umbali) kwa saa hizo. Gari linalodai kilomita 30,000 huku injini ikiwa imefanya kazi saa 1,500 limekwenda kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, mwendo wa baiskeli, na hapo ndipo unapomuuliza muuzaji kilomita nyingine zimekwenda wapi.

Kuhusu rangi, bodi ya F430 ni ya alumini, kwa hiyo kifaa cha kupimia unene wa rangi kinachotegemea sumaku hakitakusomea chochote. Tafuta kinachosoma metali zisizo na chuma. Rangi ya kiwandani mara nyingi huwa kati ya maikroni (sehemu za elfu za milimita) 100 na 180. Ukisoma 120 kwenye paa na 600 kwenye kona ya nyuma, kona hiyo imejazwa na kupakwa upya. Bampa si za metali, kwa hiyo usitarajie kipimo huko.

NiaMoja amejibu:

Ndugu zangu, nawashukuru kutoka moyoni. Jumamosi nimekwenda kulitazama gari nikiwa na fundi, na nimesubiri ripoti ifike ndipo niwaandikie.

Namba ya chasi iliyogongwa inafanana na ya kwenye hati, lakini nafasi ya 9 ina tarakimu 4 na nafasi ya 10 ina tarakimu 6. Si la Ulaya. Nilipapasa nyuma ya bampa ya mbele kama alivyoelekeza ShahidiWaChasi, na vidole vyangu vikakuta kiraka cha mstatili, kigumu, chenye kingo ambazo hazikupigwa msasa, pande zote mbili. Paa lilisoma kati ya 115 na 130. Bawa la nyuma kushoto, bati lililo juu ya gurudumu, lilisoma 740. Mikanda ilikuwa safi.

Ripoti imeeleza yaliyobaki. Gari lilifutwa na bima mwaka 2011, na kipimo cha mwisho kilichoandikwa kilikuwa maili 29,400, yaani zaidi ya kilomita 47,000, ilhali paneli iliyopo sasa ni ya kilomita na inasema 31,000. Nakala ya karatasi ya dirishani nayo nimeipata, na gia za F1 zimeorodheshwa humo kwa bei yake. Hizi za mkono zimefungwa baadaye.

Nilipomweleza dalali alishusha bei palepale, safari hii hadi karibu nusu. Nakiri kwamba nilisita, kwa kuwa gari lenyewe linavutia na mpini ule niliushika. Je, kuna bei ambayo lingefaa?

BeiNaThamani amejibu:

Kwa gari lililofutwa na bima, lenye odomita isiyoaminika na gia zilizobadilishwa bila risiti ya karakana, linganisha na F430 la F1 lililofutwa, si na la gia za mkono. Gia hizo zihesabu kuwa sifuri hadi ujue nani alizifunga na kwa vipuri gani. Toa kwenye bei gharama ya kupima mnyoofu wa fremu na kukagua viungo vyake, maana ajali iliyofikia bawa la nyuma iko jirani na injini. Kumbuka pia kwamba punguzo unalopewa leo utalidaiwa siku utakapouza, na kampuni ya bima inaweza kukataa kuandika thamani unayoitaka. Mimi nusu ya bei nisingeitoa.

NiaMoja amejibu:

Nimeelewa. Nimemwandikia dalali kwamba sitalinunua, na nimemwambatishia ripoti nzima pamoja na karatasi ya dirishani, ili atakapomwonyesha mnunuzi mwingine asiweze kusema kwamba hakujua.