df inasema diski imejaa 100%, du inaona 41G tu, nyingine ziko wapi?

mtu_wa_stoo

Wakuu habari za mchana, naombeni msaada wa haraka. Nina seva ndogo ya Ubuntu 22.04 inaendesha programu ya mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi, ni Python na MySQL juu ya SSD moja. Tangu asubuhi watu wa kaunta wananipigia risiti hazitoki, nikaingia kwa SSH nikakuta kila kitu kinalalamika No space left on device, hata ukibonyeza Tab ikumalizie jina la folda inagoma. Nikatafuta nani anakula nafasi nikakuta /var/log/mauzo/app.log limevimba vibaya, nikalifuta kwa rm nikijua sasa itaachia. Wapi!

```
Filesystem      Size  Used Avail Use% Mounted on
/dev/nvme0n1p2  109G  104G     0 100% /
```

Ila nikipiga `sudo du -xsh /` inanipa 41G. 104 toa 41 ni 63G ambazo sizioni popote. apt clean nimeshapiga, journalctl --vacuum-size=200M nimepiga pia, zinapatikana mega kadhaa na zinaliwa hapohapo. Kuzima seva naogopa kwa sababu MySQL imekwama katikati ya kuandika na diski imejaa, sitaki niharibu data za watu. Nifanyeje?

kijana_wa_ubungo

Piga sudo reboot mkuu itaachia hiyo, kwangu iliachia.

bi_ganda

Usizime kwanza kaka. Kuzima kutaachia kweli, ila utapoteza ushahidi wa nini kilijaza na wiki ijayo utarudi hapahapa, na hata hiyo hofu yako ya MySQL ni ya msingi, kwa kawaida ikikuta diski imejaa yenyewe inasubiri na kuangalia tena kila dakika kama nafasi imepatikana, kwa hiyo iache isubiri wewe uitafutie nafasi.

Kilichotokea ni hivi. Kwenye Linux jina la faili ni kitu kimoja na data zake ni kitu kingine. Data zinashikwa na inodi, na jina lililopo kwenye folda linaelekeza tu kwenye ile inodi. rm kazi yake ni kuondoa jina. Kernel, yaani kiini cha Linux, inaachia nafasi pale tu majina yote yameisha NA hakuna prosesi yoyote (programu inayoendeshwa) iliyolifungua hilo faili. Programu yako ya Python ililifungua app.log ilipowaka na bado imelishika inaendelea kuandika humo humo, umeng'oa namba ya nyumba mlangoni lakini mpangaji yumo ndani na bado anaingiza mizigo. du inapita folda kwa folda ikihesabu kila yenye jina kwa hiyo hailioni, df inauliza mfumo wa mafaili wenyewe zimetumika bloku ngapi kwa hiyo inaliona. Ndiyo hizo 63G zako.

Mtafute aliyelishika:

```
sudo lsof +L1
```

Hiyo inaonyesha mafaili yaliyofunguliwa ambayo hayana jina tena. Angalia safu ya PID (namba ya prosesi) na safu ya FD (namba ambayo prosesi imelipa faili ililofungua), mwisho wa mstari utaona neno deleted. Tuwekee hapa ulichopata kabla hujafanya lingine.

mtu_wa_stoo

Dada Mungu akubariki, liko hapa kweli:

```
python3 1432 mauzo 4w REG 259,2 67612408117 0 2753190 /var/log/mauzo/app.log
```

na mwisho limeandikwa deleted kama ulivyosema. Sasa naliondoaje bila kuua programu?

bi_ganda

Safi. PID ni 1432, FD ni 4, ile w maana yake limefunguliwa kwa kuandika. Na ile 0 baada ya ukubwa ndiyo idadi ya majina yaliyobaki. Kernel inakupa njia ya kulifikia hata kama halina jina, kupitia /proc. Anza kwa kuangalia kinachoandikwa humo:

```
sudo tail -c 3000 /proc/1432/fd/4
```

Kama unaihitaji hiyo logi chomeka diski ya nje uinakili sasa hivi kwa cp kutoka hiyo hiyo /proc/1432/fd/4, bado ipo nzima, watu wengi hawajui kwamba faili lililofutwa linaokoleka hivi almradi prosesi iko hai. Kama huihitaji likate:

```
sudo truncate -s 0 /proc/1432/fd/4
```

Usiandike `sudo : > /proc/1432/fd/4` kama utakavyoona sehemu nyingine, hapo alama ya > inafanywa na shell yako kabla sudo haijaingia, utapata Permission denied. Na hakikisha namba mara mbili kabla ya Enter, kwa sababu ukikosea PID ukakata faili la MySQL hilo halirudi.

Jambo moja zaidi, logging ya Python kwa kawaida inafungua faili kwa hali ya kuongezea mwishoni, kwa hiyo baada ya kukata itaanza upya kutoka sifuri. Programu ambayo haifungui hivyo itaendelea kuandika palepale ilipokuwa imefikia, utaona ls inakuambia faili ni 63G wakati du inasema kilobaiti chache. Ukiona hivyo usishtuke, lina mashimo ndani, halijala diski.

Baadaye kaunta wakipumzika uiwashe upya programu ya mauzo peke yake, maana sasa hivi inaandika logi kwenye faili lisilo na jina hutaweza kuisoma kwa njia ya kawaida.

wa_nakuru

Niaje wadau. Hapo dada amemaliza, mimi nataka kuongezea kwa wale watakuja kusoma hii thread na lsof haiwaonyeshi kitu. Kuna hali ingine df na du hukosana na haina uhusiano na faili iliyofutwa. Tulikuwa na seva ofisini inafanya bakapu kila usiku kwa /mnt/bakapu ambayo ni diski ya nje. Stima ikapotea, iliporudi seva ikawaka lakini ile diski haikuwa imeingia, sasa skripti ikaendelea kuandika tu kwa ile folda tupu ambayo iko kwa diski kuu, usiku baada ya usiku, halafu mtu akaja akamount diski juu yake. Zile bakapu zikafunikwa. Ziko pale chini zinakula nafasi na du haiwezi kuziona. Ukitaka kuchungulia chini:

```
sudo mkdir -p /mnt/chini
sudo mount --bind / /mnt/chini
sudo du -xsh /mnt/chini/mnt/bakapu
sudo umount /mnt/chini
```

Na kwa skripti weka juu kabisa `mountpoint -q /mnt/bakapu || exit 1`, diski ikikosekana skripti isimame. Huo mstari mmoja ungetuokoa usiku mrefu sana.

kijana_wa_ubungo

Asante dada kwa somo, mi sikujua kama inaokoleka. Swali la pembeni, kuna seva yangu nyingine df -h inaonyesha bado 30% iko wazi lakini inasema No space left vilevile, hiyo nayo ni ya lsof?

bi_ganda

Hapana, wewe piga `df -i`. Nahisi inodi ndizo zimeisha. ext4 inapanga idadi ya inodi siku unapoformati, kwa kawaida moja kwa kila kilobaiti 16, na kila faili hata likiwa tupu linakula moja. Mafaili madogo madogo kama sesheni za PHP au keshi au barua zilizokwama kwenye foleni yanazimaliza wakati nafasi bado ipo. Folda yenye msongamano utaipata kwa `sudo du --inodes -x / | sort -n | tail`.

mtu_wa_stoo

Wakuu imeachia! df sasa inasoma 41G, MySQL ikaendelea yenyewe bila kuguswa na risiti zinatoka. Programu nimeiwasha upya saa mbili usiku baada ya kufunga hesabu. Na ule mkia wa logi umenionyesha mchawi, aliyetutengenezea aliacha kiwango cha logi kwenye DEBUG kwa hiyo kila swali linaloenda kwenye databezi linaandikwa lote na majibu yake. Nimerudisha INFO. Ila nataka hata mtu akiirudisha DEBUG tusifike huku tena.

bi_ganda

Hongera. Tumia logrotate, programu inayozungusha logi na kufuta za zamani. Tengeneza /etc/logrotate.d/mauzo uweke:

```
/var/log/mauzo/app.log {
    su mauzo mauzo
    daily
    maxsize 500M
    rotate 7
    compress
    missingok
    copytruncate
}
```

Ule mstari wa su ni kwa sababu folda yako naona inamilikiwa na yuza mauzo, na kama grupu lake linaruhusiwa kuandika humo logrotate itagoma kabisa ikisema ruhusa za folda si salama. copytruncate inanakili logi halafu inalikata lile la mwanzo, kwa hiyo programu haihitaji kuwashwa upya, unaweza kupoteza mistari michache katikati na kwa logi ya namna hii inavumilika. Elewa pia kwamba Ubuntu inaiita logrotate mara moja kwa siku, hiyo 500M haiangaliwi muda wote. Ukitaka iangaliwe kila saa badilisha logrotate.timer kwa `sudo systemctl edit logrotate.timer`, weka `[Timer]` halafu OnCalendar= tupu kwanza ndipo OnCalendar=hourly chini yake, ukisahau ile tupu itajumlisha ratiba zote mbili.

Jaribu kwa `sudo logrotate -d /etc/logrotate.d/mauzo`, hiyo haibadilishi kitu inakusomea tu ingefanya nini. Ukipata kosa lolote libandike hapa.

mtu_wa_stoo

Nimejaribu, haina kosa, inasema logi halihitaji kuzungushwa kwa sasa. Asanteni sana, na wa Nakuru pia, ule mstari wa mountpoint nimeuweka kwenye skripti yangu ya bakapu leo leo.