Mliopasuliwa kifua kwa ajili ya moyo: mliishije na masharti? Tupeane uzoefu

Vali Mpya
Wakuu, salaam. Nina wiki ya 5 tangu nibadilishiwe vali, kile kilango cha damu ndani ya moyo. Moyo hauna neno, kinachonitesa ni kidari. Mfupa ulipasuliwa juu hadi chini, ukafungwa kwa nyaya za chuma, na nimeambiwa utachukua kama wiki 8 hadi 12 kuunga. Mpaka hapo nisinyanyue kitu kizito, nisisukume, nisivute, nisipeleke mikono nyuma ya mgongo, nisiendeshe gari. Yote yameandikwa kwenye karatasi. Lisiloandikwa ni kwamba shuka tu usiku ni kazi kulivuta, na chooni… mtanielewa. Semeni yaliyowakuta nyie wenyewe, ya jirani tuyaache.

Bi Taratibu
Pole, mwenzangu. Mimi ni baipasi, yaani niliwekewa njia mpya ya damu kukwepa mshipa wa moyo ulioziba, mwaka wa 3 sasa. Kitandani: kunja magoti, jigeuze ubavu mwili mzima kama gogo, kisha shusha miguu pembeni. Uzito wa miguu ndio unaokuinua. Siku ya 4 nilijivuta kwa ubavu wa kitanda, muuguzi akanifokea mpaka wodi nzima ikageuka. Kikohozi kikija, kumbatia mto kwa nguvu. Chafya ndiyo haina adabu, haipigi hodi, kwa hiyo mto wangu ulikuwa haubanduki kwapani. Na wanawake wenzangu, sidiria laini inayoshikilia vizuri inapunguza mvuto kwenye mshono. Hilo niliambiwa nimeshachelewa. La chooni: bomba la maji la mkononi, basi.

Dereva Kastaafishwa
Mie niliambiwa tofauti kidogo. Mtaalamu wa viungo alinifundisha kubana viwiko mbavuni. Vikiwa vimebana, mikono unaitumia, hata kujisaidia kuinuka kitini. Hatari ni kuitanua mbali na mwili ukiwa na mzigo.

Vali Mpya
Sasa nimfuate nani? Mie nimeambiwa kitini nisijisukume kwa mikono kabisa.

Dereva Kastaafishwa
Mfuate aliyekupasua, yeye ndiye aliyeuona mfupa wako. Hospitali hazifanani katika hili. Mie nina kisukari na mfupa wangu ulichelewa kuunga, kwa hiyo ya wiki 8 yalikuwa ya wenzangu.

Binti wa Mzee
Mimi si mgonjwa, nilimuuguza baba. Tulikosea: tulimfanyia kila kitu mpaka akawa hatoki kitini, miguu ikaisha nguvu. Kumbe kutembea hakukukatazwa, kulikuwa ndiyo dawa. Tukaanza dakika 5, asubuhi na jioni, tukaongeza kidogo kidogo. Jingine ni machozi. Baba sijawahi kumuona akilia, lakini wiki ya 3 alilia kwa sababu chai imepoa. Daktari alisema huzuni baada ya upasuaji huu huwapata wengi, na isipoisha tusinyamaze.

Nyaya Sita
Nilidharau, nikaumia. Wiki ya 6 nilijiona mzima, mjukuu wa miaka 2 akaninyooshea mikono, nikambeba. Kikalia *tak* katikati ya kifua. Maumivu hayakuwa makali, nikanyamaza siku 2. Ila kila nikijigeuza, *tak*, kama kokoto mbili zinagusana. Nilipokwenda, waya mmoja ulikuwa umekatika. Nilibahatika, sikupasuliwa tena, ila masharti yalianza upya. Ukisikia mlio, au kidonda kikitoa usaha, au homa, nenda siku hiyohiyo. Mjukuu sasa nakaa kwanza, anapanda mwenyewe kwa ubavuni.

Vali Mpya
Huo mlio umenitia baridi. Leo alfajiri nimejaribu la gogo. Mke wangu kaamka ananitafuta kitandani aniinue, kanikuta sebuleni nimeshakaa, nimekumbatia mto.

Bi Taratibu
Na kitini uliinukaje?

Vali Mpya
Bado nimekaa.