Polisi akimuua raia kwa risasi, nani alinde eneo la tukio?

Mleta hoja: Hapa Kenya, Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka mkuu wa aliyefyatua risasi aripoti mara moja kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, alinde eneo na kuiarifu familia. Yaani ushahidi unaachwa mikononi mwa kituo kinachotuhumiwa. Kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo kinaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Nasema ipewe watu wa kusimama pale tangu saa ya kwanza.

Chukueni ganda la risasi. Bunduki hulitema pembeni, likaanguka mita chache kutoka aliposimama mpigaji. Likitiwa mfukoni kabla ya kupigwa picha na kupimwa umbali wake, ofisa anaweza kudai alirukiwa kwa panga hata kama alipiga akiwa ng'ambo ya barabara. Kisha kuna daftari la silaha: namba ya bunduki, risasi alizotoka nazo, alizorudisha. Alichukua 30 akarudisha 27? Tatu zieleweke zilikoenda. Ukurasa huo upigwe picha siku hiyohiyo, na bunduki ifungwe kwa lakiri kabla haijasafishwa.

Wakili: Ndugu, mwenyekiti wa mamlaka hiyo ni gavana au mtu aliyemteua yeye, na wakuu wa polisi wa kaunti ni wajumbe. Utakuwa umeongeza siasa juu ya damu. Mimi naona kidonda kiko kwingine: IPOA ikishaokota ganda, hulipeleka kwa wataalamu wa silaha wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya huduma ileile ya polisi. Hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. IPOA ipewe maabara yake.

Daktari: Mnabishania ganda, na maiti je? Hapo ndipo kesi nyingi hufia. Maiti isioshwe wala kutiwa dawa kabla ya upasuaji. Ipigwe eksirei kwanza ili risasi ionekane ilipo, halafu itolewe kwa mkono au koleo ya plastiki, maana chuma hukwaruza alama ambazo mtutu umeiachia risasi, zinazoitambulisha bunduki. Nguo zikaushwe kivulini, kila moja kwenye mfuko wake wa karatasi. Ndani ya plastiki huvunda. Masizi ya baruti kwenye nguo au kando ya jeraha huonyesha kwamba mtutu ulikuwa karibu.

Familia za Kiislamu huzika haraka, na ni haki yao. Basi daktari apatikane siku hiyohiyo, ikiwezekana na wa familia akiwepo. Kufukua kunahitaji amri ya mahakama, na ngozi ikishaoza masizi hayasomeki tena. Sheria ya Huduma ya Makoroneri, yaani wachunguzi wa vifo vya kutatanisha, ilipitishwa 2017, lakini miaka ikapita familia bado zinazungushwa kati ya mochari na kituo.

Mleta hoja: Wakili, nakubali kuhusu gavana. Basi napunguza: wakazi wawili, nje ya utepe, wasioruhusiwa kugusa chochote. Kazi yao ni kuandika nani kaingia, saa ngapi, katoka na nini. Tarehe 17 Juni 2025 mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani katikati ya Nairobi, mchana, kamera zikiona, na maofisa wakakamatwa. Mandera, mpakani kaskazini-mashariki, usiku nani ana kamera? Ofisi ya IPOA iliyo Garissa iko zaidi ya kilomita 500 kutoka huko.

Wakili: Kwa hilo naanza kulegea. Ila video nazo huharibiwa na wenye nia njema. Ukiituma kwa WhatsApp hubanwa, na taarifa za saa na simu iliyorekodi hupotea. Faili halisi ibaki kwenye simu iliyorekodi, na simu hiyo isikabidhiwe kituoni bila hati iliyosainiwa.

Swali langu ni hao wawili. Daftari lao litakuwa na majina ya maofisa, na wanalala mtaa uleule unaopigwa doria na maofisa hao. Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ipo tangu 2006. Wanaoisimamia wako tayari kuwaingiza kwenye ulinzi huo kabla kesi haijafika kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, au watangoja mpaka mmoja wao naye apigwe?