Gumzo la ukoo: Tarehe 24 Julai, siku ya Higgins

Anko Belfast: Asalaam aleikum ukoo. Huku wazee wa kilabu leo wanamkumbuka Alex Higgins. Alifariki siku kama ya leo, 2010, akiwa na miaka 61.

Dogo: Waaleikum salaam Anko, shikamoo. Huyo alikuwa anachezea timu gani?

Anko Belfast: Marahaba. Timu gani tena, mcheza snuka huyo! Bingwa wa dunia 1972 na 1982. Walimwita Hurricane kwa kasi yake mezani.

Shangazi Tanga: Kaka, asubuhi yote hii umeamka na mtu wa kutumbukiza mipira mashimoni?

Anko Belfast: Dada, subiri kwanza. Mtoto wa hapahapa Belfast. Ana miaka kama 11 tayari anashinda kutwa nzima kwenye kilabu cha snuka cha Jampot, mtaa wa Donegall Road. Akiwa na 14 akaenda Uingereza kujifunza ujoki wa farasi, uzito ukamshinda. Akarudi kwenye meza.

Babu: Snuka siyo hiyo pool yenu ya kutia sarafu. Meza yake futi 12. Ujana wangu nilifanya kazi klabu ya wazungu, napiga brashi kitambaa. Unaanza upande wanaoanzia kucheza, unakwenda moja kwa moja mpaka upande wa mpira mweusi. Ukirudisha brashi nyuma umeharibu, mpira ukienda taratibu unapinda.

Dogo: Shikamoo Babu 😂 kumbe wewe fundi

Babu: Marahaba. Fundi wa brashi. Fimbo hatukuruhusiwa kushika.

Binamu Mwanza: Mimi nimeiona ile nusu fainali ya 1982 na Jimmy White. White anaongoza fremu, yaani raundi, 15 kwa 14, na kwenye fremu inayofuata yuko mbele pointi 59 kwa 0. Akishinda hiyo, kwaheri. Higgins akapiga pointi 69 kwa zamu moja!

Dogo: 69 tu? Si watu wanafika 147?

Binamu Mwanza: Ngoja uione. Karibu kila pigo mpira mweupe unamwachia pabaya. Anajinyoosha, anatikisika mwili mzima, unasema hapa kakwisha. Mpira anaoulenga unaingia. Tena anajiweka pabaya. Unaingia! Angekuwa anacheza kwa mpango nisingeitazama mara ya pili.

Anko Belfast: Akashinda 16 kwa 15. Fainali Ray Reardon akamsawazishia 15–15, jamaa akachukua fremu 3 mfululizo. Ya mwisho kafagia meza, pointi 135. Halafu akaanza kulia mbele ya kamera, anamwita mkewe amletee mtoto.

Shangazi Tanga: Hapo sasa kanigusa. Pesa alifanyia nini?

Anko Belfast: Pombe, sigara, kamari. Na hasira. 1986 alimpiga kichwa ofisa wa mashindano, akatozwa faini ya pauni 12,000 na kufungiwa mashindano 5.

Shangazi Tanga: Mwisho wake?

Anko Belfast: Saratani ya koo. Mionzi ikammaliza meno, kula ikawa shida, akabaki mifupa. Kafia peke yake nyumbani, Donegall Road hiyohiyo.

Shangazi Tanga: Innalillahi. Na nyinyi mnakaa mnasifia 69.

Binamu Mwanza: Shangazi, hatumsifii kwa pombe.

Shangazi Tanga: Sijasema. Ila waliokuwa wanamshangilia walikuwa wengi, wa kumpikia uji wakawa wapi?

Anko Belfast: Huku wanalijua hilo, dada. Ukiligusa kilabuni watu wanatazama glasi zao. Steve Davis kachukua ubingwa wa dunia mara 6, na bado anayezungumzwa ni Higgins. 1983 alikuwa nyuma ya Davis huyohuyo 7–0, fainali ya Uingereza, akaja kumfunga 16–15.

Babu: Saba bila! Mimi ningevaa koti niende zangu.

Dogo: Anko nitumie hiyo ya 69, jioni nikawaonyeshe kijiweni.

Anko Belfast: Naitafuta, naweka humu.

Shangazi Tanga: Weka. Ila bando anunue mwenyewe, simu yangu asiiguse.