Naomba ushauri: maboga yananyauka na kudondoka yakiwa machanga

Habari zenu wakuu. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, nimepanda maboga na mamumunya. Mimea imestawi kwelikweli, majani mapana na mashina yanatambaa hadi ukutani. Shida iko kwenye matunda.

Maua dume yalitangulia, hilo najua ni kawaida. Sasa majike yamekuja, yale yenye kiboga kidogo chini ya ua, lakini kikifika ukubwa wa yai kinaanza kuwa njano nchani, kinalainika, kinadondoka. Nimepasua kadhaa: hamna funza, na mbegu hazijajaa hata kidogo. Kwa hiyo inzi wa matunda nimemwondoa kwenye washukiwa.

Nahisi ni uchavushaji. Maua hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya mchana, na muda huo nyuki siwaoni kabisa. Waliowahi kuchavusha kwa mkono, mnachuma ua dume, mnaondoa petali na kupaka chavua moja kwa moja, au brashi ndogo ni bora? Ua dume moja linatosha majike mangapi? Na chavua ya boga inaweza kusaidia mumunya, au kila mmoja anataka wa kwake?

Jirani yeye analaumu samadi ya kuku, eti nitrojeni ikizidi mmea unakazania majani tu. Sijashawishika, maana maua ni mengi mno, ila kama kuna aliyeona hivyo aniambie.

Majani ya chini pia yana unga mweupe, lakini tuanze na hili la matunda.