Ukuta ni wao, jumba bovu limeniangukia mimi fundi rangi

Wakuu, heshima kwenu. Leo sijaja kuomba ushauri, nimekuja kufoka. Mwenye haraka apite.

Mimi ni fundi rangi, niko hapa Mwanza, mwaka wa kumi na nne huu nashika brashi. Jana asubuhi nimepigiwa simu na mtu ambaye mwezi wa sita alikuwa ananiita "fundi wangu". Safari hii nimekuwa tapeli. Zile nyumba sita za watumishi tulizokarabati kule kilimani, rangi inabanduka. Katuma picha nane WhatsApp, chini yake kaandika: "Rudi urekebishe kwa gharama zako, la sivyo hela iliyobaki sahau." Hela iliyobaki ni laki tisa. Tulikubaliana laki nne na nusu kwa kila nyumba, ufundi tu, vifaa vyao. Pigeni hesabu wenyewe muone theluthi nzima ya jasho langu iko mfukoni mwa nani.

Jina la taasisi silitaji. Nataka kueleza kilichokuwa ukutani kabla sijafungua ndoo.

Nyumba zenyewe mnazijua hata kama hamjazifikia. Nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta ya kijani, nusu ya juu chokaa. Aliyesoma shule ya serikali au kulazwa wodi ya zamani amewahi kuuegemea ukuta huo. Waliopaka ile kijani walikuwa na akili zao, chini ndiko kunakopita mikono ya watoto na maji ya deki. Ila baada ya miaka mingi ile rangi imekuwa kioo. Emalsheni, ile rangi ya maji, ukiipaka juu ya kioo hainyonywi popote, inakaa tu kama ngozi ya maziwa. Lazima uvunje ule mng'ao kwa msasa, ufute vumbi, upige praima ya kushika, ndipo upake. Na juu kwenye chokaa, ukipitisha kiganja kinatoka cheupe kama umeshika unga wa sembe. Hapo unakwangua mpaka chokaa legelege iishe. Ukipaka juu yake, rangi yako imeshika vumbi, haijashika ukuta.

BOQ, ile orodha ya kazi na vipimo vyake, ilisema: kupaka rangi kuta za ndani, mikono miwili, yaani kupaka mara mbili. Basi. Kukwangua hakuna, praima hakuna, msasa hakuna. Nilipouliza, msimamizi akanijibu neno ambalo sijalisahau: "Fundi, kazi yako ni rangi. Ukuta si wako."

Sawa mkuu. Kama ukuta si wangu, mbona leo umekuwa wangu?

Kazi ilikuwa ya fosi akaunti. Kwa wasioijua, mkandarasi mkubwa hayupo, taasisi inanunua vifaa yenyewe na kuwapa kazi mafundi wa mtaani. Mimi binafsi siupingi mfumo huu, umenilisha. Kuna kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi. Watu waungwana, wengine walimu, mmoja karani. Wa mapokezi walihesabu ndoo kwa umakini kama wanahesabu kura. Lakini hakuna hata mmoja aliyegonga ukuta kwa kidole kusikiliza kama plasta ina uwazi nyuma. Na wa manunuzi wakaleta jipsam ya kuzibia nyufa za bafuni. Bafuni! Jipsam na maji ni kama sukari na chai. Nikaomba ile puti ya saruji, nikaambiwa risiti imeshakatwa.

Tukaanza katikati ya mwezi wa tano, masika ndiyo kwanza inaaga, kuta zimeshiba maji. Na mnajua kwa nini tulianza muda huo? Kwa sababu mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 mwezi wa sita, na hela ilichelewa kufika. Isipotumika inarudi Hazina, kwa hiyo kila mtu anakimbia. Fundi wa plasta alikuwa anabandua vipande vilivyooza na kupiga vipya Alhamisi, Jumatatu mimi naambiwa nipake. Siku nne! Saruji mpya hungojewa kama wiki nne hivi ndipo upake rangi ya mafuta juu yake. Sababu ni kwamba saruji mbichi ina ukali wa magadi, na ule ukali ukikutana na mafuta ya kwenye rangi, vinatengeneza sabuni. Sisemi mfano, ni sabuni kweli. Jikoni nyumba namba tatu ukishika ukuta leo unateleza na kunata. Yule mama nesi anayekaa pale ananiambia, "Kaka, mbona mmenipakia kitu kama mlenda?" Nikakosa pa kuweka uso.

Sasa njooni kwenye ukuta wa nyuma, hapo ndipo roho inaniuma.

Mwanza yetu ni mawe. Nyumba nyingi za kilimani zimechimbiwa kwenye mteremko, mbele unaona ziwa mpaka moyo unatulia, nyuma umepakana na mwamba. Mvua ikinyesha maji yanateleza juu ya jiwe, yanaingia kwenye udongo ulioegemea nyumba. Kwenye nyumba nne kati ya hizo sita, udongo wa nyuma umepanda hadi karibu na kizingiti cha dirisha. Yaani sakafu ya chumbani iko chini ya ardhi ya nje. Ukuta huo haukauki kiangazi wala masika. Unatoa chumvi, ile nyeupe kama manyoya, rangi yoyote utakayoweka inasukumwa kutoka ndani. Dawa yake ni sururu na koleo: shusha udongo, chimba mtaro, maji yapate pa kupita, ndipo uje ndani ubandue plasta na kupiga nyingine. Vijana wanne, siku tatu kwa nyumba. Halikuwemo kwenye BOQ.

Nikasema nisibishane kwa mdomo. Nikachukua kipande cha nailoni, kama nusu mita kila upande, nikakibandika ukutani kwa gundi tepu pande zote nne, jioni. Asubuhi tukaenda pamoja na msimamizi. Ndani ya nailoni matone yanatiririka. Nikamwambia, mkuu, huu ukuta unatoka jasho. Akaangalia, akasema: "Huo ni umande."

Umande. Ndani ya chumba. Chini ya bati na silingi bodi. Wakuu, nilicheka peke yangu mpaka saidia fundi wangu akadhani nimechanganyikiwa.

Lakini picha ya ile nailoni nilipiga, na tarehe iko kwenye simu.

Rangi yenyewe je? Nyumba moja, kuta na silingi, nilipima nikapata kama mita za mraba 220. Mikono miwili ni 440. Kwa ukuta laini lita moja inakwenda mita kumi hivi, kwa hiyo unahitaji lita 44, ndoo mbili kubwa na chenji. Nikapewa ndoo moja ya lita 20 kwa nyumba na maneno, "ongeza maji fundi, wewe si mzoefu?" Uzoefu wangu haugeuzi maji kuwa rangi. Tukapaka mkono wa kwanza mzito kidogo, wa pili ukawa uji wa mgonjwa. Kwa mbali inang'aa, na mgeni wa siku ya kukabidhi huwa anaangalia kwa mbali.

Siku tatu za mwisho tulipaka usiku kwa taa kubwa. Wenyeji wa kandokando ya ziwa mtanielewa: wale wadudu wa ziwani walikuja kama moshi, wakajibandika kwenye milango yenye rangi mbichi. Mlango wa sebule namba tano mpaka leo una ndevu. Hilo nalo nimeandikiwa kwenye orodha ya kasoro, "rangi ina uchafu".

Nakiri kosa langu moja. Nilipaswa kukataa. Lakini ada ya mtoto VETA ilikuwa inadaiwa, na nyuma yangu kulikuwa na vijana watatu getini na rola zao, wako tayari kupaka hata juu ya tope kwa laki tatu. Kosa jingine, makubaliano yangu na fundi mkuu yalikuwa ya mdomo. Yeye ndiye aliyesaini na taasisi. Sasa hivi simu yake inaita tu haipokelewi.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Kuna mkuu hapo chini kasema "fundi mzuri halaumu ukuta, labda ulipaka vibaya". Swali zuri, mkuu, nilikuwa nalingoja.

Leo mchana nimekwea kule na skrepa yangu. Ukitaka kujua rangi imekufa kwa sababu gani, usiangalie uso wa ganda, ligeuze uangalie mgongo. Mgongo ukiwa na unga mweupe, chokaa ndiyo iliyoachia, rangi yangu bado imeishikilia. Ukiwa laini, safi, unang'aa, imeteleza kwenye ile kijani ambayo niliomba msasa nikanyimwa. Ukiwa na mchanga, plasta ndiyo iliyooza. Ningekuwa nimepaka vibaya juu ya ukuta mzima, ningekuta mkono wa pili umeachana na mkono wa kwanza. Nimezunguka nyumba zote sita, kila chumba. Hakuna hata ganda moja la namna hiyo. Ukuta wa nyuma wa namba mbili nimeondoka na kipande cha kiganja kizima, nyuma yake mchanga umelowa, na huu ni mwezi wa nane, hapa kwetu mvua mara ya mwisho tumeiona lini?

Yule mama nesi kaniona naokota, kaniuliza naokota nini. Nikamwambia ushahidi. Akaingia ndani akaniletea mifuko midogo ya dawa, ile ya kuandikia kutwa mara ngapi. Nimejaza kumi na tisa. Kila mmoja nimeandika namba ya nyumba, chumba, ukuta wa upande gani.

Nimeitwa ofisini Jumatatu saa tatu. Naenda nayo yote na picha ya nailoni. Kama kuna fundi humu amewahi kukaa kwenye kiti hicho akatoka na hela yake, aniambie aliwekewa kikao na nani na alianza na neno gani.