Naomba ushauri: usugu wa dawa zetu umewafikia hadi sokwe wa Gombe

Habari zenu wakuu. Naishi Kigoma, kwenye kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Gombe. Nafuga mbuzi 11 na kuku wa kienyeji, na kijito tunachochota maji kinapita chini kidogo ya banda langu. Nyani nao hushuka kunywa hapo hapo, na jalala letu wanalifukua.

Nimesoma kwamba watafiti walichunguza vinyesi vya watu, mifugo, nyani na sokwe wa Gombe, wakakuta vinasaba vya usugu dhidi ya dawa za salfa (yaani vinavyofanya bakteria wasife kwa dawa hizo) kwenye makundi yote, hata kwenye maji ya vijito. Sokwe hawajapewa Septrin, ambayo ina salfa, na mtu. Ni sisi tunaoimeza kila tumbo likiharisha, mara nyingi bila kupima. Limeniuma sana, maana hadi juzi nilikuwa natia unga wa tetrasaiklini, nayo ni dawa ya kuua bakteria, kwenye maji ya kuku kila wakikohoa, na yanayobaki namwaga kijitoni.

Nimeacha kumwaga. Sasa pakiti mbili zilizobaki nizipeleke wapi? Kuzifukia naogopa, mvua za huku zinabomoa kila kitu. Na samadi ya mbuzi niiweke umbali gani na maji, au niioze kwanza?

Afisa mifugo yuko mbali na kuku wakianza kukohoa hawasubiri. Wenye uzoefu, hasa mnaofuga karibu na hifadhi, mnafanyaje? Jirani zangu nao nawaanzaje bila kuonekana nawafundisha kazi?